Daftari la Misemo Lililotekwa Dumila

Waliokuwemo katika safari hii ni hawa. Mimi mwenyewe, Zainabu binti Selemani, ambaye ninyi mnaniita Bi Zena. Mjukuu wangu Tausi, mtoto wa binti yangu Salima, kwa hiyo ni wa ukoo wetu kabisa, maana kwetu ukoo unashuka kwa mama. Sadiki, dereva wa fuso la kabichi, mtoto wa marehemu Mwanaisha niliyechezwa naye unyago mwaka mmoja. Mdogo wangu Mwajuma, baba mmoja mama mmoja, anayekaa Mwembesongo, Morogoro mjini. Na Mzee Maganga wa Nzega, Mnyamwezi, ambaye hakuwa na uhusiano wowote na sisi isipokuwa utani, na utani ukikukuta njiani unatosha.

Mwantumu, Hadija na Mama Kristina, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake na kila mmoja nimempa kipande. Sasa nasikia Hadija anasema daftari la Tausi liliibwa, Mama Kristina anasema lilianguka dirishani, na Mwantumu amekwisha kulia kwa jambo ambalo halikutokea. Ndiyo maana nimeandika. Mwandiko wangu ni wa darasa la tatu, Mwantumu awasomee mkiwa mnasuka majamvi.

Kwanza mjue tulichokuwa tunakifuata. Tausi alimaliza chuo cha ualimu miaka minne iliyopita, na somo lake ni Kiingereza. Mara ya kwanza alipoitwa kwenye usaili Dodoma alikwenda peke yake. Wasaili wakampa msemo mmoja wa Kiingereza, wakamwambia awafundishe, awachukulie kama watoto wa darasa la sita. Maana yake alikuwa anaijua. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Alirudi nyumbani akalala siku mbili mchana kutwa, na tangu hapo hakuna aliyelitaja jambo lile. Salima hakulitaja, mimi sikulitaja, tukawa tunalizunguka kama shimo la choo cha zamani.

Safari hii alipoitwa tena alisema mara moja tu, akiwa anaosha vyombo na kanipa mgongo. "Bibi, wakinikataa na hii, vyeti naviweka sandukuni, naenda Dar kuuza nguo na rafiki yangu Zuhura. Nimechoka kuitwa mwalimu na sifundishi."

Nikafunga kanga zangu mbili, nikasema nakwenda naye.

Nyandira kushuka mjini

Tulipanda fuso la Sadiki, mbele, mimi katikati. Lilikuwa liondoke saa kumi na mbili asubuhi, likaondoka saa tatu, kwa sababu ukungu ulikaa barabarani kama mgeni asiyejua kuaga, na kwa sababu Sadiki alikuwa anabishana na mtu wa karoti kuhusu nani apakie juu ya nani. Tulikunywa chai ya rangi tukala viazi vya kuchemsha. Tausi hakula. Alikuwa na daftari lake magotini, gamba la bluu, ndani misemo mia mbili ya Kiingereza ameiandika kwa mkono wake na kuipa namba.

Kwenye kona za kushuka nikamwambia anisomee, lakini kwa Kiswahili, neno kwa neno kama wanavyosema wenyewe, ndipo anipe maana.

Wa kwanza ulikuwa kipande cha keki. Nikafikiri ni jambo la sikukuu. Kumbe ni jambo jepesi lisilokupa taabu. Nikamwambia aliyesema hivyo hajaoka keki. Mama Kristina, nisamehe, nilimtajia ile yako ya ubarikio wa Kristina, uliyoioka kwa sufuria na mchanga wa moto, ikaungua chini na juu ikabaki uji. Sadiki akasema sisi tunasema rahisi kama kumsukuma mlevi, na hiyo hata mtoto anaielewa.

Halafu akanipa mvua ya paka na mbwa, yaani mvua kubwa. Nikasema kwetu mvua inanyesha siku nne mfululizo na hajashuka hata paka mmoja. Akanipa baridi ya miguu, kwamba mtu amekaribia jambo lake kisha akaogopa. Nikamwambia hao Waingereza wangekuja Nyandira mwezi wa saba wangekuta kijiji kizima kinaogopa. Sadiki alicheka mpaka nikamwambia atazame barabara.

Tausi hakucheka. Akawa anasema namba, msemo, maana, namba, msemo, maana, kama anayevuta kamba kisimani. Tulipofika Sangasanga na kupata lami nikamjaribu. Nikamwuliza ule wa maharage. Akakwama. Akaanza kurudi, namba moja, namba mbili, namba tatu, mpaka alipofika ishirini na sita ndipo akaupata. Nikajua watu wa Dodoma hawatamsubiri aanzie namba moja.

Mwembesongo, kwa Mwajuma

Mwajuma alitupokea kwa wali na maharage ya nazi, na samaki mdogo wa kukaanga. Tausi akaambiwa aeleze tena ule wa ishirini na sita, kumwaga maharage, maana mama zake wadogo na majirani walitaka kujua anasomea nini. Akasema, "Ni kutoa siri iliyofichwa." Wote wakaitikia, na hakuna aliyeshika.

Nikasema mimi sijasoma, neno peke yake sina pa kulishikia, neno halina uso. Ila mtu nikimwona mara moja simsahau. Kwa hiyo ule wa maharage nimempa Mwajuma. Mnakumbuka, mwaka ule nilipokubaliana na marehemu Athumani kwamba atakuja kunichumbia, nilimwambia Mwajuma peke yake, tena nilimlisha yamini. Hakufika hata kisimani. Alimwambia mama, mama akamwambia mjomba, na Athumani alipofika alikuta watu wanamsubiri na wamekwisha kuchinja kuku.

Mwajuma akasema, "Na kuku yule ulimla, Dada, tena ulichukua paja." Kwa hiyo mwaga maharage ni yeye, na wala hajakataa.

Nikaendelea. Ule wa mwezi wa buluu, kwamba jambo linatokea mara chache mno, nikampa kaka yetu Ramadhani anayekuja kutuona akikumbuka. Kuvunja barafu, kwamba watu wamekaa kimya wanaoneana haya kisha kikatokea kitu wakaanza kuongea, nikampa Athumani mwenyewe. Siku hiyohiyo ya kuku, wazee wamenuna kila mmoja anatazama chake, kigoda alichokalia Athumani kikakatika mguu akaangukia kapu la njegere. Mama yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Posa ikaenda yenyewe.

Tausi alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Bibi, usaili siyo hadithi za jikoni. Kule wanataka maana." Akarudi kwenye namba zake.

Dumila, tuliposimama kwa saa nne

Asubuhi yake tukapanda basi linalokwenda Tabora, sisi tukiwa wa kushuka Dodoma. Treni ya umeme ilikuwa imejaa siku ile, na kwa yaliyotokea nashukuru. Nilikaa dirishani, Tausi pembeni yangu, na ng'ambo ya njia ya kati alikaa mzee mmoja mwenye koti la suti juu ya fulana ya mpira. Tausi akamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nami nikamwuliza za safari. Akageuka taratibu.

"Lafudhi hiyo ya milimani," akasema. "Ninyi Waluguru?"

Nikasema ndiyo.

"Alhamdulillahi. Nimekaa na watumwa wangu, nilikuwa nawaza nani atanibebea begi." Akainama akatazama miguu yangu. "Nilijua tu. Mguu mmoja mrefu mmoja mfupi, kwa kulima mteremkoni."

Nikamwambia, "Na wewe Mnyamwezi mabega yamelala hivyo kwa kubeba mizigo ya watu. Babu zako walipita kwetu na pembe kichwani wakiomba maji, na tuliwapa kwa kata iliyotoboka."

Akafurahi huyo kama aliyekuta ndugu. Nikamwuliza jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Maganga, baba yake Kasele, wa karibu na Nzega, alikuwa anatoka kumwona mjukuu Morogoro. Tausi akanong'ona kwamba mzee ametutukana. Hawa watoto wamesoma yote isipokuwa hilo. Nikamwambia ni mtani, mtani hakutukani, mtani anakuamkia.

Tulipofika Dumila basi likatoa moshi nyuma, tukashushwa. Dereva akasema nusu saa. Mnaijua nusu saa ya namna hiyo, tulikaa kwa saa nne nzima. Wauza nyanya walikuwa hapo, wauza vitunguu, wauza mahindi ya kuchoma, na kila mmoja alijua basi letu linaumwa nini. Nikanunua hindi. Sijauma hata mara moja, Mzee Maganga akalichukua mkononi mwangu akaanza kula. Nikamwacha. Ndiyo kawaida.

Tausi alikaa juu ya begi lake kwenye kivuli cha kibanda, daftari wazi, midomo inakwenda. Namba, msemo, maana. Mzee Maganga akamzunguka kwa nyuma, akanyoosha mkono, akalinyakua daftari na kulitia ndani ya koti.

"Nimeteka," akasema. "Mali ya Waluguru. Ikombolewe."

Tausi akasimama. Nilimwona rangi yake imebadilika. Akasema, "Mzee, naomba daftari langu. Kesho nina usaili." Watu wakaanza kugeuka. Nikamshika mkono. Nikamwambia polepole kwamba mtani akishika kitu hanyang'anywi, wala hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani umewaaibisha waliokuzaa. Kinachobaki ni kukomboa tu.

Akamwuliza anataka nini.

Mzee Maganga akakaa juu ya kreti ya soda, akatoa daftari, akalifungua mbali na macho yake kama wanavyofanya wasio na miwani. "Nitasoma namba. Wewe utanielewesha huo msemo. Mimi ni mtoto wa darasa la sita, tena yule wa nyuma kabisa. Nisipoelewa halirudi."

Wallahi sikumwambia mimi. Hakujua habari ya usaili wa kwanza. Lakini Tausi alipolisikia hilo la darasa la sita aliniangalia kana kwamba nimemuuza.

Akaita namba themanini, kumtoa paka kwenye gunia. Tausi akasema, "Ni kufichua siri." Mzee akasema hajaelewa. Akarudia kwa maneno mengine. Hajaelewa. Muuza vitunguu mmoja, mama wa makamo, akasema naye hajaelewa, kwa nini paka awe guniani. Tausi akanitazama. Midomo ilikuwa imeanza kuhesabu tangu namba moja, na namba moja ilikuwa mikononi mwa mtu.

Nikamwambia, "Mpe mtu."

Akageuka akamwelekea mzee. Kisha akasema, "Sawa, Mzee. Kijijini kwetu kuna bwana mmoja anaitwa Mohamedi Kibwana." Nami nikasema moyoni, Mungu mkubwa. Akaeleza jinsi Mohamedi alivyoongeza mke wa pili huko Mlali bila kumwambia mkewe, na jinsi alivyoficha mwaka mzima, mpaka siku mtoto wake mdogo alipokwenda naye sokoni, akarudi akamwuliza mama yake mbele ya wageni kwa nini yule mama mwingine anapika chapati laini kuliko zake.

Muuza vitunguu akapiga mapaja. Mzee Maganga akasema, "Paka huyo." Akaita namba nyingine.

Hapo ndipo ningependa mngekuwepo. Alimtoa Mwajuma na maharage yake, akamtoa Ramadhani na mwezi wake, akamwangusha babu yake kwenye kapu la njegere, na nilipodhani ameishiwa akatoa watu ambao sikuwahi kumpa. Ule wa kuchoma mshumaa pande zote mbili, kujichosha usiku na mchana, alimpa mama yake. Sikujua kwamba aliona. Abiria wakawa wamesimama duara. Mtu wa mahindi akaacha mahindi yakaungua. Na Tausi mikono imetoka, sauti imepanda, anatembea mbele yao kama mtu mwenye ubao mgongoni.

Kisha Mzee Maganga akaita mwingine. Tembo chumbani. Tausi akaeleza kwamba ni jambo kubwa ambalo kila mtu aliyepo analijua na hakuna anayelitaja.

"Mtu wake nani?" mzee akauliza.

Tausi akasema, "Huyo sina."

Akatazama chini. Mimi nilimjua mtu wake nani, na nilinyamaza. Wakati huohuo utingo akapiga bodi la basi, tukaambiwa tupande.

Gairo mpaka Dodoma

Gairo ilitupokea na upepo wake. Mzee Maganga aligoma kurudisha daftari kwa sababu tembo hakulipiwa. Akamrushia Tausi karanga, Tausi naye akamwambia Mnyamwezi anakula hata deni, na nikajua sasa ameelewa utani. Waliendelea hivyo mpaka mzee akasinzia. Basi lilipotoka Gairo, Tausi naye alilala begani pangu, mara ya kwanza kwa siku tatu.

Dodoma tuliingia saa kumi na moja jioni, jua lingalipo, watoto wanakimbiza mabasi na zabibu kwenye vikapu. Utingo akatuharakisha. Tausi akatangulia na mabegi. Basi lilipokwisha kuondoka ndipo akapiga kelele kwamba daftari limekwenda. Alitaka kukodi pikipiki alifukuze. Nikamwambia pikipiki haishindani na basi la Tabora, na kwamba ameteka mtani, basi, limetekwa.

Tulilala kwa Neema, rafiki yake wa chuo. Alitupikia ugali na mlenda, mlenda mzuri kuliko wetu, na Hadija usinune. Neema akamwambia Tausi wanavyotakiana heri Waingereza mtu akiwa na shughuli kubwa. Eti wanamwambia avunjike mguu. Mimi nikasema hilo silisemi, hata wakiniita mshamba.

Mlangoni

Asubuhi tulifika getini mapema. Watu walikuwa wengi, wote wamevaa nguo zilizonyooshwa, wote wanasoma karatasi. Tausi peke yake hakuwa na cha kusoma. Mlinzi akaniuliza kama na mimi Bibi nimekuja kusailiwa. Nikamwambia mimi ndiye vyeti.

Walipoanza kuita majina Tausi akanishika mkono, vidole vimekuwa kama vya mtu aliyetoka kufua mtoni. Akasema, "Bibi, nimepata baridi ya miguu. Turudi."

Niliona kitu ambacho yeye hakukiona. Msemo ameusema mahali pake, wala hakuuhesabia. Lakini sikumwambia hilo. Nilimwambia lile nililolinyamazia Dumila.

"Yule tembo mtu wake ni sisi. Ulirudi mwaka ule ukalala siku mbili, na hatukukuuliza. Tulidhani tunakusitiri. Tukakuacha naye chumbani peke yako."

Alijifuta uso kwa upindo wa kanga yangu, siyo kitambaa chake, kanga yangu. Kisha akaitwa, akaenda.

Nilikaa kwenye benchi, nikasoma kila dua niliyoijua. Alipotoka nilimtazama miguu kwanza, nikaona anatembea upesi. Akanisimulia palepale mbele ya mlinzi. Walikuwa wasaili watatu, na mmoja wao, mama mwenye miwani, alikuwepo mara ya kwanza. Safari hii walimwambia achague msemo mwenyewe, awafundishe. Akachagua tembo. Akawaambia kwa Kiingereza: watoto, chumba hiki kina tembo. Mwalimu wenu aliwahi kusimama hapahapa akashindwa kusema hata neno. Mimi najua, na mmoja wenu anajua, na tangu nimeingia tunatabasamu tu. Sasa nimemtaja. Mtazameni jinsi anavyotoka mlangoni.

Akasema yule mama alivua miwani, akacheka mpaka akaifuta. Kisha wakamwuliza maswali mengine, akajibu yote.

"Bibi," akasema, "sikuhesabu hata msemo mmoja."

Tukanunua zabibu, tukala zote kabla ya kufika stendi.

Kurudi, na lililobaki

Ya kurudi hayana mengi. Dumila tulishuka kunyoosha miguu, muuza vitunguu akatukumbuka, akauliza Mohamedi Kibwana anaendeleaje. Akampa Tausi fungu la vitunguu. Anaitwa Pendo, mtoto wa Yohana.

Majibu yametoka wiki iliyopita, hilo mnalijua, vigelegele mlipiga ninyi. Msilolijua ni alikopangiwa. Barua imefika jana. Nimeirudia mara tatu nikidhani macho yangu ndiyo yananitania. Amepangiwa shule ya msingi, Nzega, kwa watani. Salima analia kwamba ni mbali. Mimi nimempa Tausi jina la Mzee Maganga, la baba yake na la kijiji chake. Nimemwambia akifika, kabla hata hajafungua ubao, akamlipe tembo, akomboe daftari.

Sasa nitamwaga langu, kwa kuwa nimemsema Mwajuma na si haki nibaki safi. Siku ile Dodoma, Tausi alipotangulia na mabegi, mimi nilibaki nyuma natafuta kandambili yangu. Mzee Maganga alikuwa amelala, na daftari lilikuwa juu ya kifua chake, wazi kabisa. Lilikuwa la kunyoosha mkono tu. Nikakumbuka ile kamba ya kisimani, namba, msemo, maana. Nikalivuta koti lake, nikalifunika daftari. Mzee akafumbua jicho moja, akanitazama, akalifumba.

Kwa hiyo, Hadija, halikuibwa. Mama Kristina, halikuanguka dirishani. Na Tausi akiyasoma haya akiwa kwenye basi la Tabora, bibi yake anamwamkia.

Jina la baba yake Mzee Maganga nimeandika Kasele, ila huenda alisema Kasala, basi lilikuwa linanguruma. Kigoda cha siku ya posa nadhani kilikuwa cha mjomba Shabani, Mwajuma anadai kilikuwa cha jirani. Aliyekuwepo na anakumbuka vizuri zaidi aje anisahihishe, jamvi lipo. Ila la koti asinisahihishe mtu, mkono uliolivuta ni huu ninaoandikia.